Jinsi ya kutengeneza kituo cha reli cha Marekani cha mwaka 1952 kwa bati, njukuti na mkaa

Anza na tangi la maji. Najua mkono unakuwasha uanze na kichwa cha treni, kwa kuwa ndicho kinachopendeza, lakini ukianzia huko utamaliza na treni ya kuchezea watoto, si kituo. Ninachotaka kukuelekeza ni namna ya kutengeneza, juu ya meza ya mita moja na nusu, kituo kidogo cha Marekani mwaka 1952, wakati treni za mvuke na za dizeli zilipokuwa zikipishana mahali pamoja. Treni yenyewe haitembei. Imesimama, nawe unaizunguka na kuitazama.

Mimi ni fundi bati, hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Nane. Vibatari, majiko, mikebe ya kupimia mafuta, ndizo kazi za mikono yangu. Marehemu baba alikuwa mchochea moto kwenye njia yetu hii ya kwenda Moshi, reli ambayo Wajerumani waliianza hapa mjini mwaka 1893 ikafika Moshi 1911. Baba stesheni alikuwa akizihesabu kwa maji. Hapa maji mazuri, pale maji ya chumvi yanayokula boila, kule tangi linavuja. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mazoea ya mzee tu. Nilipoanza kusoma habari za reli za Marekani ndipo nikajua kwamba alikuwa akinipa ufunguo wa habari nzima: mvuke haukushindwa na mashine yenye nguvu zaidi. Ulishindwa na mashine isiyosimama kunywa.

Kwa nini 1952? Kwa sababu ndio mwaka ambao hesabu ya vichwa vya dizeli Marekani iliipita hesabu ya vichwa vya mvuke. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, vichwa vya mvuke vilikuwa karibu 40,000. Ilipofika 1960 vilibaki mia chache tu. Ukichagua 1940, utaona mvuke mtupu na dizeli moja ya kushangaza watu. Ukichagua 1958, dizeli tupu na vichwa vya mvuke vikisubiri kukatwakatwa kuwa chuma chakavu. Mwaka 1952 una vyote viwili, na vyote vinafanya kazi.

Sasa kipimo. Kila kitu utakigawa kwa 48. Reli ya Marekani ina upana wa milimita 1,435. Gawa kwa 48, unapata milimita 30. Yetu ya Tanga ni milimita 1,000, nayo ingekuwa 21 hivi. Hapo ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilitandika reli kwa jicho, na jicho langu limekua likitazama reli ya Tanga, kwa hiyo nikaziweka karibu karibu bila kupima. Kichwa cha treni kilipokaa juu yake kilionekana kama mtu mnene aliyekalia kigoda cha mbuzi. Nilibomoa njia nzima, kazi ya wiki mbili. Kata kipande cha mbao cha milimita 30 kamili, kiweke mfukoni, na usipige msumari wowote wa reli kabla ya kukipitisha.

Meza iwe ya plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 150. Kituo changu nimekiweka Illinois, upande wa Galesburg, kwenye njia za kampuni ya Chicago, Burlington & Quincy, ambayo wenyewe waliiita Burlington tu. Nimepachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, nchi ile ni tambarare, mashamba ya mahindi hadi macho yachoke, kwa hiyo huna milima ya kuumba. Ya pili nitaifikia kwenye bati linalong'aa.

Tanga tumezoea kuona mataruma ya chuma. Kule ni ya mbao, yamelowekwa dawa nyeusi yenye harufu kama lami. Kata vijiti vya mbao laini, urefu sentimita 5 na nusu, unene milimita 4, na uvipange kila baada ya milimita 11 kutoka katikati hadi katikati. Kwa njia mbili za mita moja na nusu andaa vijiti 280, ili vikivunjika vichache usikwame. Viloweke usiku kucha kwenye oili chafu ya injini, uvianike siku mbili. Usivipake rangi. Rangi hukaa juu ya mti, oili huingia ndani, na taruma la kweli limeingiwa.

Kwa reli zenyewe, vijana wengi hukimbilia spoku za baiskeli kwa kuwa mji huu hauishiwi na baiskeli. Mimi sizitaki. Ni za mviringo, na reli ina kichwa na kitako. Kata ukanda wa bati, ukunje mara mbili, upate kimo cha milimita 3 na nusu, kisha ulehemu kwenye misumari midogo iliyokatwa vichwa. Kazi inachosha, sikufichi. Kati ya mataruma mwaga chenga za mawe meupe ya Amboni zilizopita kwenye chekecheke, zikande na gundi ya maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Turudi kwenye tangi. Matangi mengi ya reli za Marekani yalikuwa ya mbao, mapana kama nyumba ya chumba kimoja, yamesimama juu ya miguu. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga lenye kipenyo cha sentimita 15, likate libaki na kimo cha sentimita 10. Fungua ufagio wa chelewa, chagua njukuti zilizonyooka, zikate kwa urefu wa kopo, na uzigandishe wima moja moja kulizunguka. Kisha vifungo vya chuma: tumia waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua. Sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapokosea. Vifungo havipangwi kwa nafasi sawa. Chini vinabanana, juu vinaachana, kwa sababu maji husukuma zaidi chini kuliko juu. Mtengenezaji wa mapipa anajua, fundi bati anajua, na mtazamaji asiyejua ataona tu kwamba tangi lako linaaminika. Mbele weka bomba linaloshuka, lenye mnyororo wa kulivutia. Mnyororo wa mkufu wa bandia uliokatika unafaa.

Pembeni ya tangi kuna mnara wa makaa ya mawe. Ni sanduku refu la mbao lililoinuliwa juu ya njia, lenye mdomo wa kumwagia. Saga mkaa wa jikoni, upitishe kwenye kichungi cha chai, chenga zilizobaki ndizo makaa yako. Unga uliopita usiutupe, utaupaka kila mahali baadaye. Chini, katikati ya reli, chimba shimo la majivu, sentimita 12 kwa 3, ulijaze majivu halisi ya jiko. Kichwa cha mvuke kilipomaliza safari kilimwaga majivu hapo, kikasafishwa mabomba, kikafunguliwa boila na kuoshwa kila baada ya muda. Kwa kila kichwa barabarani kulikuwa na kundi la watu nyuma yake: mafundi boila, wapiga koleo, wachukuzi wa majivu, walinzi wa pampu za maji. Ukitengeneza shimo hilo vizuri utakuwa umewaonyesha wote bila kuumba hata mmoja.

Weka pia mnara mdogo wa mchanga. Nilichukua mchanga wa ufukweni Raskazone, nikauosha chumvi, nikaukaanga kwenye sufuria hadi ukakauka. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza mvua ikinyesha, na kichwa hunyunyiza mchanga mbele ya magurudumu ili kishike. Mvuke ulihitaji mchanga, dizeli nayo ilihitaji mchanga. Katika kituo chote hicho ndicho kitu kimoja ambacho hakikubomolewa, na mimi hukipenda kwa ajili hiyo. Upande wake wa pili simamisha nguzo yenye mpira wa kujazia mafuta ya dizeli. Inyooshe, iwe mpya, nyembamba, yenye rangi safi. Mtu akiitazama nguzo hiyo kisha akatazama mnara wa makaa na tangi, atakuwa ameelewa hesabu ambayo wenye kampuni waliipiga.

Jangwani hesabu hiyo ilikuwa kali zaidi. Kampuni ya Santa Fe ilipita kwenye majangwa ya Arizona na California, na sehemu nyingine ililazimika kupeleka maji kwa treni ili treni nyingine zinywe. Fikiria gharama ya hilo. Sasa mwaka 1939 kampuni ya General Motors ikatoa kichwa cha dizeli cha mizigo kilichoitwa FT, namba 103, vipande vinne vilivyounganishwa vyenye nguvu za farasi 5,400 kwa jumla. Wakakizungusha nchini kwa miezi 11, maili 83,764, kwenye reli za kampuni 20 katika majimbo 35, kikivuta mizigo halisi mbele ya macho ya wenyewe. Santa Fe ilikuwa ya kwanza kununua FT za kuvuta mizigo. Baada ya hapo ilikuwa ni suala la vita kumalizika na viwanda kupata nafasi.

Kichwa cha mvuke sasa unaweza kukitengeneza. Usijaribu Big Boy. Najua picha zake zimejaa kila mahali, na kweli lilikuwa jitu, vichwa 25 tu vya mvuke vilivyoundwa na kiwanda cha Alco kwa kampuni ya reli ya Union Pacific kati ya 1941 na 1944. Lakini pamoja na behewa lake la makaa lilikuwa na zaidi ya mita 40, ambazo kwenye meza yako ni sentimita 84, na halikuwa treni ya kila mtu. Tengeneza Mikado, farasi wa kazi: magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa ya kuvuta, mawili nyuma. Jina lilitokana na vichwa vya namna hiyo ambavyo kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia kiliwaundia Wajapani mwaka 1897. Baldwin iliunda zaidi ya vichwa 70,000 katika uhai wake. Mwaka 1956 ikaacha kabisa kuunda treni.

Boila ikunje kwenye mpini wa jembe wenye unene wa sentimita 4. Kabla ya kukunja, lilaze bati juu ya ubao laini na ugonge kwa ncha ya msumari upande wa ndani, mistari miwili miwili, nje zitatokeza ribiti. Ukikunja kwanza umechelewa. Magurudumu makubwa ya Mikado nyingi yalikuwa na kipenyo cha mita 1.6, gawa kwa 48, unapata milimita 33, nacho kizibo cha soda kina milimita 32. Niliposimama na rula mkononi mbele ya duka nikaona hivyo, nilirudi nyumbani nimejaza mifuko. Mikono ya kusukuma magurudumu ikate kwenye bati nene la ndoo, iunganishe kwa misumari midogo. Lehemu kwa moto mdogo, asidi kidogo, na ufute asidi yote kwa maji na sabuni siku ileile.

Rangi yake ni nyeusi iliyokufa, isiyong'aa. Changanya rangi ya mafuta na ule unga wa mkaa. Kufikia 1952 kampuni nyingi zilikuwa zimeacha kuviosha na kuvitunza vichwa hivi, maana tarehe yao ilikwishajulikana. Chora michirizi ya chokaa nyeupe chini ya valvu, mahali maji ya chumvi yalipotoka na kukauka. Baba angeiona michirizi hiyo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Kuna kampuni moja iliyokataa dizeli. Norfolk & Western ilibeba makaa ya mawe ya milima ya Virginia na West Virginia, kwa hiyo mafuta ya treni zake yalikuwa mizigo yake yenyewe. Iliunda vichwa vyake katika karakana yake ya Roanoke, na kimoja kilichotoka hapo Desemba 1953 ndicho cha mwisho cha mvuke kuundwa Marekani kwa ajili ya reli za huko. Hata hivyo 1955 ilianza kununua dizeli, na 1960 moto ukazimwa. Ukitaka kituo kisicho na dizeli hata moja mwaka 1952, weka meza yako Virginia.

Dizeli yetu ni F7, ya General Motors, nguvu za farasi 1,500, urefu wa mita 15.4, yaani sentimita 32 mezani. Tengeneza mbili. Ya mbele ina chumba cha dereva na pua ya mviringo, ya nyuma haina chumba wala madirisha ya mbele, ni sanduku lenye injini tu. Hili lilikuwa jambo kubwa. Vichwa viwili vya mvuke vilihitaji madereva wawili na wachochea moto wawili. Dizeli mbili, tatu, nne, ziliunganishwa kwa nyaya na kuongozwa na dereva mmoja. Pua ndiyo itakayokutesa. Chonga umbo lake kwenye mti wa mwembe, tandaza bati juu yake, na uligonge kwa nyundo ya mbao polepole kutoka katikati kwenda ukingoni, ukilipasha moto kila linapokuwa gumu. Mimi nilipasua matatu kabla ya la nne kukubali. Dizeli za mizigo za Burlington zilikuwa za kijivu zenye mistari myekundu. Zioshe, zing'arishe.

Nyuma ya meza, njia ya pili, weka behewa moja la abiria la Burlington, na hii ndiyo sababu yangu ya pili. Tarehe 26 Mei 1934 treni yao ndogo ya dizeli iitwayo Zephyr ilitoka Denver alfajiri ikafika Chicago siku hiyohiyo, maili 1,015 kwa saa 13 na dakika 5. Ilitengenezwa na kiwanda cha Budd kwa chuma kisichoshika kutu, na haikupakwa rangi. Chuma kile ukikilehemu ovyo kinapoteza sifa yake, kwa hiyo walikiunganisha kwa kukipiga umeme mkali kwa kufumba na kufumbua, nukta kwa nukta. Fundi bati yeyote atalivulia kofia jambo hilo. Mabehewa ya namna hiyo yaliendelea kupita Illinois miaka yote ya hamsini. Chukua bati la kopo la mafuta ya kupikia, liparuze maandishi, lisugue kwa majivu na ndimu, kisha ulipige mistari ya mlalo kwa kisu butu na rula. Acha bati liseme lenyewe.

Watu wawe na kimo cha milimita 36. Waya wa shaba, nta ya nyuki juu yake, rangi kidogo. Hapa naomba usiharakishe.

Kwenye kichwa cha mvuke weka dereva upande wa kulia, na mchochea moto upande wa kushoto. Wa kwangu nilimpaka ngozi kama ya baba. Majimbo ya kusini mwa Marekani watu weusi waliruhusiwa kuchochea moto tangu zamani, kwa kuwa ni kazi ya joto na vumbi, lakini udereva walinyimwa. Chama cha wachochea moto hakikuwapokea, na bado ndicho kilichokaa mezani na kampuni kwa niaba ya wote. Dizeli ilipokaribia, na kiti cha mchochea moto kikawa safi na chepesi, chama hicho kikapatana na kampuni kuwapunguza weusi. Mchochea moto mmoja wa Alabama, Bester William Steele, wa reli ya Louisville & Nashville, alikwenda mahakamani. Alishindwa katika mahakama za jimbo lake. Mahakama Kuu ya Marekani, tarehe 18 Desemba 1944, iliamua kwamba chama kinachowasemea wafanyakazi wote hakina haki ya kuwabagua baadhi yao. Kituo changu ni cha Illinois, si Alabama, najua. Lakini watoto wa jirani wakija kutazama, huwa naanza na mtu huyo.

Na kwenye dizeli je? Weka watu wawili pia. Wengi humweka dereva peke yake kwa kuwa hakuna moto wa kuchochea, na wanakosea. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepatana na kampuni mwaka 1937 kwamba mchochea moto abaki kwenye dizeli, na kampuni zilipigania kumwondoa hadi Bunge la Marekani likalazimika kutunga sheria ya usuluhishi mwaka 1963. Kwa hiyo mwaka 1952 yupo, upande wa kushoto, mikono magotini. Mimi nilimgeuza kidogo atazame nje dirishani.

Mwisho wa treni ya mizigo weka behewa jekundu la gadi. Mabehewa ya mizigo yawe ya sentimita 25, rangi ya udongo mwekundu, yenye ubao wa kupitia watu juu ya paa. Hayo ni mepesi, utayamaliza kwa siku moja moja.

Hewa ya bahari hapa Tanga haina huruma na bati. Kila kipande kipake vanishi isiyong'aa hata kwa ndani, na meza uifunike kwa khanga kuukuu usiku, si nailoni, maana nailoni hutoa jasho na kutu huanzia hapo.

Panga vitu hivi siku ya mwisho, gundi ikiwa imekauka yote. Mikado iwe njia ya pembeni, tundu la maji la behewa lake liwe chini kabisa ya bomba la tangi. Dizeli iwe njia kuu, pua yake imeshalipita tangi kwa sentimita 20, kwa sababu haikusimama. Kisha mtoe mchochea moto wa Mikado chumbani, umsimamishe juu ya behewa la makaa, mkono mmoja umeushika mnyororo wa bomba, na uso wake umegeukia njia kuu.